Karatasi ya mama waliifinya mbele ya madhabahu

Nimekaa na hasira hii tangu kabla ya sikukuu ya mashahidi wa Namugongo na bado haijapoa, kwa hiyo naandika. Kanisa silitaji. Liko Kampala, upande wa Katwe, lina ibada ya Kiswahili Jumapili mchana, na spika zake utazisikia kabla hujaliona jengo.

Mama yangu alifanyiwa upasuaji, akapona. Ni mlokole wa zamani, aliishi miaka mingi kambini Jinja akiwa mke wa askari, na mpaka leo akiomba peke yake anaomba kwa Kiswahili. Taxi bado hawezi kupanda, zinamrusharusha. Akatoa shilingi elfu ishirini za karanga zake, akazifunga kwenye karatasi aliyoichana katika daftari la mjukuu. Kwenye karatasi hiyo alikuwa ameandika kwa mkono wake, mistari kama sita, jinsi Mungu alivyomwinua kitandani. Akaniambia, "Peleka wanakosali Kiswahili. Waisome."

Waimbaji wao wanajua kuimba, haki yao siwanyimi. Mahubiri nimeshayasahau. Nilichoshika ni maneno. "Mwambie jirani yako, hii ni wiki yako!" Nikamwambia. Naye akaniambia. Tuliambizana mara nyingi sana siku ile, na mpaka tunatoka jirani yangu hakujua jina langu wala mimi lake. "Pokea!" Watu wanainua mikono, wanapokea. Upako, pokea. Gari, pokea. Viza, pokea.

Ikafika sadaka. Bahasha zina rangi: nyeupe ya zaka, kijani ya malimbuko, nyekundu ya agano, bluu ya shukrani. Kwenye skrini ikatokea namba ya kutuma kwa simu. Nikapanga mstari na karatasi yangu mkononi. Mezani amekaa kijana wa koti, kitambulisho shingoni.

"Rangi gani, ssebo?"

"Sina bahasha. Ni shukrani ya mama yangu, ameandika mwenyewe."

"Shukrani ni bluu. Bluu inaanzia elfu hamsini. Hiyo peleka kwenye kikapu cha nyuma."

Nikamwambia basi pesa nitaiweka huko, ila karatasi isomwe. Akaichukua, akaifungua, akahesabu noti, akanirudishia. Halafu akaifinya karatasi ile kiganjani kama iliyofungiwa chapati, akaiangusha chini ya meza. Hakusoma hata neno moja. "Anayefuata!"

Saa tatu nzima tumeambiwa tupokee, na nilipoleta mimi hakuna aliyepokea.

Nchi hii, jamani! Wale Wakristo waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, wakati wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, watu waliwaita abasomi, yaani wasomaji. Mpaka leo Mganda akienda kanisani atakwambia anaenda kusoma. Neno hilohilo. Na hili "mlokole" tunalolitumia Waswahili wote limetoka kwenye Kiganda, likaenea na uamsho wa miaka ya 1930, watu wakisimama mbele ya wenzao kusema kwa midomo yao Mungu amewatendea nini. Mama ni mtoto wa uamsho huo. Ushuhuda wake aliuandika kwa sababu miguu haijampa ruhusa ya kuja kuusema.

Na malimbuko, kwa kuwa wanalipenda sana neno hilo, wafungue Kumbukumbu la Torati 26. Mtu anakuja na kapu la mazao yake, kuhani analipokea mkononi mwake, na mwenye kapu anasema habari zake zote mbele za Mungu, tangu baba zake walivyokuwa Misri. Anasema, na anasikilizwa. Rangi haimo. Kiwango cha kuanzia hakimo.

Labda kijana hana kosa, kafundishwa hivyo na yeye anatii. Nimejaribu kumwonea huruma, maana ni umri wa mdogo wangu wa mwisho. Lakini nikikumbuka vile vidole vinavyofinya, huruma inaisha. Mama aliandika akiwa ameegemea mto, kidonda kinamuuma, herufi zinapanda na kushuka.

Nilitaka niseme msiende kabisa. Kuna jambo moja linanizuia. Nilipoinama kuitafuta karatasi, mama mmoja Mkongo, mzee, kitenge kimefifia, alikuwa ameshaiokota. Akaitandaza juu ya goti, akaipiga pasi kwa kiganja, akaisoma yote polepole, kwa sauti, huku spika zikinguruma. Akaniuliza, "Mama anaitwa nani?" Nikamtajia. Akaliita lile jina mbele za Mungu, akalia, nami nikalia. Watu walikuwa wanaturuka wakienda na bahasha zao.

Elfu ishirini sikuipeleka kikapuni. Niko nayo. Mnaweza kunihesabia dhambi, mimi siirudishi kule.

Jioni mama aliuliza jambo moja tu: "Walisoma?" Nikasema ndiyo, mama, ilisomwa mpaka mwisho. Akafurahi mno. Sasa anasema akipata nguvu anataka aende mwenyewe akawashukuru. Nimemkatalia mara mbili. Mara ya tatu aliponiambia anataka kumwona yule aliyesoma, nikanyamaza.