Saa 7 ya nani? Tulivyokosa boti ya mto Colorado kwa sababu ya wakala wa hapa Mombasa

Haya nimeyaandika mara tatu nikayafuta. Kila nikianza kuusifu ule mto namkumbuka mume wangu alivyosimama pale kaunta, kofia mkononi, na hasira inanipanda upya. Leo naandika mpaka mwisho.

Safari yenyewe iko Arizona, Marekani. Unapanda boti kubwa la mpira chini kabisa ya ukuta wa bwawa la Glen Canyon, kisha unashuka na mto Colorado kama kilomita 24 hivi mpaka mahali panaitwa Lees Ferry. Pande zote mbili ni jabali jekundu, na juu ya jabali ni jangwa. Sehemu hii ya mto haina maporomoko, maji yanakwenda taratibu, hata mtu mzima anapanda bila wasiwasi. Ndiyo sababu tuliichagua. Mpwa wangu alikuwa anahitimu chuo kule Flagstaff, tukaenda watatu, mimi, baba watoto na Mama, ambaye ana miaka sabini na kitu na goti linamsumbua.

Lakini aliyekuwa na hamu hasa ni mume wangu. Yeye amestaafu, na kazi yake miaka yote ilikuwa kwenye feri ya Likoni. Mtu wa maji. Alipojua kwamba Lees Ferry palikuwa na kivuko cha kweli, kilichoanza miaka ya 1870 kuvusha watu na mifugo, hakulala. Alijua kwamba mwaka 1928 ile feri ilipinduka, watu wakafa maji, haikuvusha tena, na mwaka uliofuata daraja likafunguliwa chini kidogo ya pale. Sisi tulioishi na ajali ya feri ya Mtongwe ya 1994, hapa Mombasa, hatuhitaji kuelezwa kwa nini habari kama hiyo inamgusa mtu wa feri. Alitaka kupaona kwa macho yake, afike kwa maji.

Tiketi zote tulikatiwa na ofisi moja ya safari hapa mjini. Jina sitalitaja, wakisoma watajijua. Tulilipa kwa M-Pesa, tukatumiwa ratiba kwenye WhatsApp. Nainukuu kama ilivyo, bado ninayo: "Chai ya asubuhi hotelini mwisho saa 4. Mfike ofisi ya boti saa 7 kamili, boti haisubiri mtu."

Mimi nimezaliwa Kibokoni. Kwangu saa 7 ni baada ya adhuhuri, hata mtoto wa chekechea anajua. Na huo mstari wa chai ndio uliotutuliza kabisa, maana chai hotelini kweli iliondolewa saa nne ya asubuhi, saa nne yetu. Basi mwenye akili zake asome vipi mstari wa pili? Mpwa wangu alitufikisha mji wa Page jioni iliyotangulia, akarudi Flagstaff kazini. Asubuhi tulikunywa chai bila haraka, Mama akajifunga leso zake mpya, tukafika ofisi ya boti saa sita u nusu. Mapema, tena kwa nusu saa nzima.

Boti ilikuwa imeondoka tangu saa moja ya asubuhi.

Yule mama wa kaunta alidhani simu zetu ndizo zimetupoteza, kwa kuwa Arizona haibadilishi saa wakati wa kiangazi, ilhali jimbo la Utah lililo hapo jirani, na ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa kule, zinabadilisha, na simu ukiwa Page hurukaruka saa nzima. Nikamwonyesha ujumbe, nikamfafanulia sisi tunavyohesabu saa. Akanyamaza, akausoma tena ule ujumbe asioelewa, akaniwekea mkono begani. Mtu asiyenijua, wa mbali, amenielewa.

Nikampigia wakala. Mombasa ilikuwa saa nne u nusu usiku, najua, lakini ningefanyaje? Neno lake la kwanza: "Mamangu, hii ni saa ya kupigia mtu simu?" Saa za kwake alizijua vizuri sana! Nilipomweleza akasema, "Huko ni Marekani mama, hakuna saa za Kiswahili huko. Saba ni saba." Nikamwuliza, sasa ujumbe umeniandikia kwa lugha gani? Akasema mtandao mbaya, akakata. Simu nilisikia safi kabisa, hata feni yake nilikuwa naisikia.

Kesho yake kulikuwa na viti viwili tu. Viwili, na sisi watatu. Kabla sijafungua mdomo mume wangu akasema, "Nenda na Mama. Hawezi kwenda peke yake." Hakugombana na mtu. Alikivaa kile kikofia chake akatoka nje.

Kwa hiyo mto nimeuona mimi, ambaye sikuwa na hamu nao kama yeye. Na lazima niwe mkweli: sijawahi kuona kitu kama kile. Basi linakushusha kwa njia ya chini kwa chini iliyochongwa ndani ya jabali, giza, kisha unatokea kwenye mwanga, ukuta wa bwawa umekusimamia juu ya kichwa, mita 216. Maji ni ya kijani, unaona mawe chini. Nahodha alitueleza kwamba zamani mto huu ulikuwa mwekundu kwa tope, ndipo ukapata jina lake la Kihispania, lakini sasa tope linatuama nyuma ya ukuta, na maji yanachukuliwa kutoka kwenye kina cha ziwa. Mama alitumbukiza mkono akautoa kwa kasi, akaukumbatia ndani ya leso. "Haya maji yametoka kwenye friji," akasema. Na nje jua linachoma kama la Januari.

Kuna kitu niliona, nikajua baba watoto angekiona kabla yangu. Kwenye mchanga wa ukingoni palikuwa na alama ya unyevu, juu kidogo ya maji, kama pwani wakati wa kupwa. Nikauliza. Kumbe mto ule hupanda na kushuka kwa siku moja kufuatana na maji yanayofunguliwa kuzalisha umeme pale bwawani. Bamvua ya mashine. Mtu aliyeishi kwa kupwa na kujaa angekaa na nahodha yule wakaongea mpaka Lees Ferry.

Tulishuka mahali kwenye michoro ya kale, kondoo wenye pembe zilizopinda wamechongwa kwenye jabali. Mama alitembea mpaka pale na fimbo yake, goti na yote, akawahesabu kwa kidole. Nahodha alimsubiri bila kumharakisha. Pia alizima injini mara moja, tukaelea tu, na hakuna aliyesema neno.

Niwatendee haki wale wa ofisi. Ndege hazikuwa na tatizo, hoteli ilikuwa safi, bei hawakutuficha. Kuna wakati nilisema nitawapa nyota tatu, mtu hukosea. Kisha wiki kadhaa baada ya kurudi nikapata M-Pesa, wamerudisha pesa ya kiti kimoja. Hakuna simu, hakuna ujumbe, hakuna hata "pole". Herufi nne! Pesa sikuwaomba. Nilikwenda mwenyewe ofisini, nikamkuta yule yule kijana, akaniambia, "Si tumekurudishia?" na macho hayakutoka kwenye simu yake. Hizo nyota tatu nimezifuta. Nawapa moja, na hiyo moja ni ya yule mama wa Page, si yao.

Mto nendeni, mkijaliwa. Ila saa ya kuondoka muulizeni wenyewe wa boti.

Siku ile tuliyokuwa majini, mume wangu alitafuta gari akaenda juu ya Horseshoe Bend, pale mto unapojikunja kama kwato ya farasi, mita 300 chini ya miguu yako. Alituambia atasimama hapo. Tulipopita nilitazama juu mpaka shingo ikauma; niliona watu wadogo kama sisimizi kwenye ukingo, nikapunga leso ya Mama. Naye alikuwa anapunga kofia, kwa kila boti iliyopita, maana hakujua yetu ni ipi. Picha anayo kwenye simu mpaka leo, kitone cheupe kwenye maji ya kijani. Akionyesha watu husema ni sisi. Mama ameitazama, anasema ile si yetu.