Darasa la plastiki ya maganda ya viazi, nimelipa elfu 25 na nasema nilichokiona

Wadau mi nauza chipsi hapa Dar, kila siku namenya ndoo mbili tatu za viazi na maganda yote yalikuwa yanaishia jalalani. Na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 kumfungashia mteja ni mtihani, maana ukikutwa na mfuko tu faini inaanzia elfu 30 mpaka laki 2. Ndo maana niliposikia kuna darasa la siku moja la kutengeneza plastiki inayooza kwa maganda nikajiandikisha fasta.

Mafunzo yenyewe kwakweli safi. Unasaga maganda na maji kwenye brenda, unachuja kwa kitambaa, unaacha yatulie na wanga mweupe unatuama chini. Mwaga maji ya juu, chukua kijiko kikubwa kimoja cha wanga, vinne vya maji, kijiko cha chai cha siki na kingine cha gliserini ile inayouzwa famasi, koroga kwenye moto mdogo kama unapika uji mpaka uvutike na ung'ae, halafu unaupaka mwembamba kwenye trei ukauke. Mwalimu anajua kazi yake, kasema siki inakatakata matawi ya wanga ndo unapata ngozi inayovutika, na gliserini inakaa katikati ya nyuzi zisikakamae. Nilijaribu nyumbani bila gliserini, ikavunjika kama ganda la yai, kwahiyo alisema kweli.

Pia nilimuuliza vile vikombe vya PLA, yaani plastiki ya mimea, vinavyoandikwa vinaoza, akajibu wazi kwamba vinatokana na wanga wa mahindi lakini vinataka mboji ya joto karibu nyuzi 60, ukivitupa mtaroni vinakaa tu. Kipande changu mimi nilikifukia pembeni ya mchicha, wiki ya tatu nafukua sikioni tena.

Kilichoniuma ni tangazo lao. Waliandika utatoka na mfuko wa kubebea chakula, sio kweli!! Nimeweka chipsi za moto, mvuke na mafuta vikailainisha, dakika chache tu imechanika mkononi kwa mteja na nikarudisha hela. Wanga na maji ni maadui na hilo hawakulisema popote mpaka nimeshalipa. Halafu tulikuwa watu 20 jiko moja, na kukauka kunachukua siku 3, za kwangu za kipindi cha mvua ziliota ukungu zote.

Sasa hivi natengenezea vipakti vya karanga, vikavu vinakaa vizuri na wateja wanaviulizia. Nawapa nyota 3 kati ya 5, wakirekebisha tangazo naongeza ya 4.

Mkienda bebeni maganda yenu wenyewe na myaloweke kwenye maji mara tu mkimaliza kumenya, yakikaa wazi yanakuwa meusi na wanga unatoka na rangi ya udongo.