Wix, WordPress au Google peke yake? Nilivyotafuta tovuti ya loji yetu Dodoma

Kama wateja wako wanakutafuta WhatsApp na kukulipa kwa lipa namba, sehemu kubwa ya mambo ambayo kampuni za kutengeneza tovuti zinajisifia haikuhusu. Hayo ndiyo maoni yangu baada ya kujaribu majukwaa kadhaa ya kutengenezea tovuti kwa ajili ya loji yetu ndogo ya Ipagala, hapa Dodoma. Naandika kwa mwenye biashara ya saizi yangu: vyumba vichache, dada wa mapokezi, mimi mwenyewe, na simu moja isiyolala. Mwenye hoteli ya ghorofa na watu wa TEHAMA ana mambo yake.

Nianze na wageni, maana wao ndio walioamua kuliko templeti yoyote (muundo wa ukurasa uliotengenezwa tayari). Aprili hadi Juni ni Bunge la bajeti na mji unajaa: maofisa, madereva wao, watu wa mikoani wanaofuatilia mambo yao wizarani Mtumba. Agosti kuna Nanenane pale Nzuguni. Mahafali ya UDOM yakifika, wazazi wanatafuta vyumba mpaka vichochoroni. Na tangu treni ya SGR ianze safari za Dar hadi Dodoma Julai 2024, tunapata mgeni anayeshuka usiku, hajawahi kufika mji huu, yuko ndani ya bajaji na simu mkononi anataka kujua akate kona ipi. Wote hao wanauliza yale yale: "Dada habari, bei gani? Maji yapo? Ya moto? Gari pa kulaza papo? AC au feni?" Swali la maji hawaulizi kwa utani. Dodoma hii mgao tunaujua wote.

Kundi jingine ni la ofisi. Huyo hapigi simu kuuliza feni. Mhasibu anataka proforma, yaani ankara ya awali kabla ya malipo, anataka uhakika wa risiti ya EFD, na kabla ya hayo anataka kuona kwamba loji hii ni biashara kweli. Proforma iliyotoka kwenye barua pepe yenye jina la loji yako inapita mezani kwa maswali machache kuliko ile ya Gmail yenye namba tatu mwishoni. Sijui nani aliwafundisha wahasibu hilo, ila ndivyo walivyo.

Kwa hiyo Instagram peke yake haikutosha. Wenzangu wengine walikuwa wanategemea ile tovuti ya bure ya Google, ukurasa mmoja uliojitengeneza kutokana na taarifa za biashara yako kwenye Google Business Profile, ule wasifu wa biashara unaoonekana kwenye ramani ya Google. Google waliizima Machi 2024. Wasifu wenyewe upo mpaka leo na ni wa bure, nitaurudia, lakini tovuti ile haipo tena.

Kabla ya kugusa jukwaa lolote nilinunua jina, yaani domeni, ile anwani ya tovuti anayoiandika mgeni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumizwa. Jirani yangu mwenye ukumbi wa sherehe alitengenezewa tovuti na fundi aliyesajili domeni kwenye akaunti yake mwenyewe, kwa barua pepe yake mwenyewe. Fundi akabadili namba ya simu, mwaka ukaisha, hakuna wa kulipia. Kadi za biashara zimeshachapishwa, bango lipo barabarani, na jina limezimika. Majina yote yanayoishia na .tz yana rejista moja ya taifa, lakini huendi kununua kwao moja kwa moja. Unapitia msajili waliyemwidhinisha, na wasajili wa hapa nchini wanapokea M-Pesa na benki bila shida. Jisajili mwenyewe, kwa barua pepe unayoifungua mwenyewe, jina la mmiliki liwe lako au la kampuni. Halafu fundi mpe ruhusa ya kuingia, si umiliki. Ukitaka kuhakikisha, whois ya majina ya .tz, yaani daftari la wamiliki, ipo wazi mtandaoni, andika jina la tovuti yako uangalie limeandikwa kwa nani.

Nilichukua .co.tz. Ipo pia hotel.tz kwa ajili ya biashara kama zetu, nayo nimeona wachache sana wakiitumia. Niliiacha kwa sababu mgeni wa kawaida akisikia jina redioni ataandika co.tz bila kufikiri. Gharama yake kwa mwaka haifiki bei ya chumba chetu cha chini kwa usiku mmoja.

Sasa majukwaa. Wix ndiyo niliyoifungua kwanza, na kwa urahisi haina mpinzani. Unashika picha kwa kipanya unaiburuta unapotaka, unaandika juu yake, basi. Mdogo wangu aliyekaa pembeni alidhani natengeneza kadi ya mwaliko. Kuna templeti za hoteli zinazopendeza kweli kweli. Ila usikae kwenye mpango wa bure: anwani inakuwa na neno wixsite.com ndani yake, tangazo la Wix linakaa juu ya ukurasa wako, na domeni yako huwezi kuiunganisha mpaka ulipie. Malipo ni kwa kadi, yanahesabiwa kwa dola, na ukitaka nafuu unalipa mwaka mzima kwa mkupuo. Barua pepe ya jina lako ni bidhaa nyingine yenye bei yake.

Mambo mawili kuhusu Wix ambayo ningetaka kila mtu ayajue kabla hajaanza. Ukishachagua templeti na kuijaza, huibadilishi kwa nyingine. Ukitaka sura mpya unaanza upya. Na tovuti yako haihamishiki: hakuna namna ya kuipakua nzima ukaipeleka kwa kampuni nyingine. Domeni utaondoka nayo kama ni yako, maneno na picha utanakili kwa mkono, lakini nyumba inabaki kwao. Kwa mtu anayefungua kibanda cha kucha na anataka kitu leo jioni, sioni tatizo. Mimi loji naitegemea kwa miaka, kwa hiyo Wix niliiacha hapo.

Squarespace nilipita haraka. Ni nzuri kwa macho, pengine nzuri kuliko zote, lakini haina mpango wa bure, unapewa siku 14 za majaribio kisha kadi itolewe. Mpiga picha wa harusi ataipenda. Shopify nayo ni ya anayeuza bidhaa kwa wingi na kuzisafirisha. Mfumo wao wenyewe wa malipo haufanyi kazi Tanzania, na ukitumia wa kampuni nyingine wanakukata kidogo kwa kila mauzo juu ya makato ya huyo mwingine. Chumba cha kulala hakisafirishwi, nikafunga ukurasa.

Nimebaki na WordPress. Watu wanachanganya vitu viwili hapa. Kuna WordPress.com, ambayo ni huduma ya kampuni, unafungua akaunti kama Wix, ya bure ipo na ina matangazo na anwani ndefu. Kuna na programu yenyewe ya WordPress, ya bure tangu 2003, unayoiweka kwenye hostingi, yaani nafasi ya kukodi ya kuhifadhi tovuti, unayolipia popote. Mimi niko kwenye hii ya pili. Hostingi nimekodi hapa hapa nchini, nalipa kwa simu kwa shilingi, na WordPress inajiweka yenyewe kwa kubonyeza kitufe kimoja ndani ya cPanel, ukurasa wa kuongozea hostingi. Cheti cha SSL, yaani ile alama ya kufuli kwenye anwani, kilikuja bila nyongeza. Barua pepe za jina la loji vilevile. Kwangu hicho cha barua pepe ndicho kilichomaliza ubishi, maana mhasibu wa taasisi ndiye mgeni anayeleta vyumba vingi kwa mpigo.

Si rahisi kama Wix, nisidanganye. Kile kihariri chake cha bloku, ambacho unapanga ukurasa kipande kwa kipande, kilichoingia na toleo la 5.0 mwishoni mwa 2018, kinahitaji uvumilivu. Unaweka picha kushoto inakwenda katikati. Halafu kuna matengenezo, ambayo wauzaji huwa hawayataji. WordPress, templeti na plagini (programu ndogo za kuongeza uwezo wa tovuti) zote zinahitaji kusasishwa, na plagini iliyozeeka ndiyo mlango wanaopitia wadukuzi mara nyingi. Nimejiwekea utaratibu: kila mwisho wa mwezi nikimaliza hesabu za umeme, nasasisha, kisha napakua nakala ya akiba na kuiweka kwenye flashi. Nina plagini chache mno na sitaki nyingine. Fundi atakayekuambia unahitaji ishirini, mshukuru uende zako.

Faida niliyoitaka naiona kila msimu. Bei ya chumba inapobadilika, naingia kwa simu, naandika, nahifadhi. Simpigii mtu, silipi mtu. Bei zote ziko kwa shilingi, na hilo si la mapambo tu, kwa kuwa kanuni za 2025 zinakataza kutangaza bei ya huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Templeti nyingi zinakuja na alama ya dola. Ing'oe kila inapojificha, hasa chini kabisa ya ukurasa wa vyumba.

Kuhusu malipo mtandaoni nilichunguza nikaacha, kwa sasa. Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi ambayo majukwaa ya nje yanaipenda, haifungui akaunti kwa biashara ya Tanzania. Kampuni kama Pesapal na Selcom zinapokea kadi na pesa za simu kwa niaba yako, na zinaungana na WooCommerce, plagini ya duka ya WordPress, wanachukua asilimia yao. Ni jambo la maana kwa mwenye wageni wa nje wanaolipa kabla ya kufika. Wageni wangu wanatuma nusu kwa lipa namba, iwe M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, wanarusha skrinishoti, mapokezi wanahakiki ujumbe wa muamala kwenye simu ya loji (skrinishoti peke yake si malipo), chumba kinawekwa kwa jina lake. Kumlazimisha mtu huyo ajaze fomu ya kadi ni kumfukuza.

Badala yake niliweka kitufe kimoja cha kijani kinachofungua WhatsApp. Linki yake unaandika wa.me, mkwaju (/), kisha namba yako ikianza na 255 bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele. Ukiongeza ?text= mwishoni unaweza kumwandikia mgeni ujumbe kabisa: "Habari, naomba chumba kuanzia tarehe... hadi tarehe..., watu..." Yeye anajaza na kutuma. Ile "mambo" na "upo?" ya nusu saa imepungua sana. Fomu ya kawaida ya mawasiliano nimeibakiza kwa ajili ya ofisi, lakini kisanduku cha namba ya NIDA nilikitoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana kwa kila taarifa unayoikusanya, na kitambulisho tunakiangalia mgeni akifika mapokezi.

Picha zinataka neno. Picha moja ya simu za siku hizi inafika MB 4 au zaidi, na mgeni wako anatumia bando. Zipunguze upana mpaka pikseli 1200 hivi, zihifadhi kama WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, nyingi zitashuka chini ya KB 200 na jicho halitaona tofauti. Kisha chukua simu ya bei ya chini kabisa iliyopo nyumbani, zima Wi-Fi, fungua tovuti yako usubiri. PageSpeed Insights ya Google itakupa alama kwa rangi, lakini simu ya dada wa usafi haina upendeleo. Na piga picha ya kinachoulizwa: sisi tumeweka matanki ya maji juu ya mnara wake, hita ya bafuni, na geti la maegesho likiwa wazi gari likiwa ndani. Picha ya maua ya mapokezi niliipenda mimi peke yangu.

Naurudia Google Business Profile kama nilivyoahidi. Hao wa kwenye bajaji usiku hawaanzi na tovuti, wanaanza na ramani. Pini iwe kwenye geti lenyewe, maana mitaa yetu mingi ya Dodoma ni mipya na barabara zake hazina vibao. Saa za kazi, namba, picha, na linki ya tovuti. Kwa biashara isiyo na bajeti yoyote, ningesema fanya hii tu kwanza, tovuti itafuata. Inakuja tu na kazi ya kujibu maoni ya wageni, hata yule aliyelalamika kwamba jogoo wa jirani anawika mapema.

Kama ni saluni, mgahawa mdogo au fundi cherehani, na hakuna mtu wa kukaa na mambo ya kusasisha, chukua Wix ya kulipia, na domeni usajili kando kwa jina lako. Kama unauza asali ya Singida au zabibu kavu za hapa kwetu na unataka mtu wa Dar alipe kabla hujapakia basi, nenda WordPress na WooCommerce na kampuni ya malipo ya hapa nchini. Loji kama yangu: WordPress, hostingi ya shilingi, kitufe cha WhatsApp.

Kilichobaki ni kalenda ya vyumba, mgeni aone mwenyewe kipi kiko wazi. Ipo plagini inayofanya hivyo vizuri, na ya bure inatosha kwa vyumba vyetu, ila inadai mapokezi waandike kila mgeni anayeingia kwa miguu dakika hiyo hiyo. Dada wa mapokezi kaniambia hilo tutalijaribu Bunge likishaahirishwa.