Ofisi ya wakili iliyomsubiri mama yangu aandike jina lake

Tumeuza kipande cha kiwanja cha mama, Chanika, na mkataba tukauandikisha kwa wakili mmoja wa Mbagala Rangi Tatu. Naandika kwa sababu nilishaumia kwingine. Ofisi fulani ilipokea hati yangu ya kiapo mlangoni, nikaambiwa nirudi jioni. Nikaikuta ina mhuri na maneno "ameapa mbele yangu", na huyo wakili sikuwahi kumwona. Sura ya 12 ya Sheria za Tanzania, ile ya mawakili wanaoshuhudia viapo, kifungu cha 8, inamtaka wakili aandike kwa ukweli mahali na tarehe ya kiapo. Nilikoipeleka waliikataa.

Huyu wa Mbagala alituketisha wote: mama, mnunuzi na mkewe, mjumbe, na mimi. Akausoma mkataba kwa sauti. Kwenye mipaka akasimama: "Mama, huo mwembe unauza au unabakiza?" Mama akasema anabakiza. Karatasi ilisema vingine, ikachapwa upya. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mauzo yawe ya maandishi na yenye sahihi ya yule atakayekuja kudaiwa kwayo. Mama angesaini bila kusomewa, mwembe ungekwenda.

Zamu yake ilipofika, msaidizi alishafungua kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba. Mama akakataa. "Dole hata nikiwa usingizini mnaweza kunishika mkanibandika." Kuandika alijifunza madarasa ya watu wazima, miaka ya sabini, na sahihi yake ni jina lake zima, herufi nane. Siku hizi mkono unatetemeka. Wakili akamsogezea kiti, akalaza rula chini ya mstari, akakaa kimya. Z ya kwanza ilipinda, iliyofuata ikanyooka. Kurasa nne, nakala tatu. Mnunuzi alianza kuangalia saa, wakili akamwambia taratibu, "Tumsubiri mama." Karibu nusu saa. Sijaona mtu akiheshimiwa vile ofisini.

Tulilipa 150,000 na risiti tukapewa bila kuomba. Mama aliondoka na nakala yake kaikunja ndani ya kanga.

Ngazi ni nyembamba na hazina pa kushika, tulimpandisha wawili, huku na huku. Mwenye mzee asiyeweza kupanda apige simu kabla, wakili hushuka mwenyewe na makaratasi.