Hopfenweisse ya Schneider na Brooklyn: Je, Inastahili Sifa Zake?

Bia ya ushirikiano humfikia mnywaji ikiwa imekwisha kusifiwa. Majina mawili makubwa huwekwa kwenye lebo moja, kiasi kinachotengenezwa huwa kidogo, wapenzi wa bia huanza kuitafuta kabla haijatiwa kwenye chupa, na mara nyingi uhaba huo ndio unaopandisha bei kuliko kile kilichomo ndani. Kwa hiyo ninapoifungua chupa ya namna hiyo hujiuliza swali moja tu: kila upande umeleta nini ambacho mwenzake asingeweza kukitoa peke yake, na je, mnywaji anaweza kuvionja vyote viwili? Nimeichagua Hopfenweisse, iliyozaliwa mwaka 2007 kati ya kiwanda cha Schneider cha Kelheim, Bavaria, Ujerumani, na Brooklyn Brewery ya New York, kwa sababu ni miongoni mwa bia za ushirikiano zilizosifiwa kwa muda mrefu, na miaka iliyopita inatuwezesha kuipima bila shamrashamra za uzinduzi. Maoni yangu nayatanguliza: bia hii inastahili sehemu kubwa ya sifa zake, mradi chupa iwe haijazeeka.

Walioibuni ni Hans-Peter Drexler, aliyekuwa fundi mkuu wa Schneider, na Garrett Oliver, fundi mkuu wa Brooklyn tangu mwaka 1994. Schneider ilianzishwa Munich mwaka 1872 na imejijengea jina kwa bia za ngano. Aventinus, bia yao nzito ya rangi ya kahawia, ina historia inayoanzia mwaka 1907. Brooklyn ni zao la wimbi la viwanda vidogo vilivyochipuka Marekani katika miaka ya 1980, wimbi lililowazoeza wanywaji kutafuta waziwazi katika bia uchungu na harufu ya hopsi, yaani maua ya mmea yanayotiwa katika bia. Mafundi hao wawili walikubaliana kutengeneza bia mbili zenye msingi mmoja, kila moja nyumbani kwa mmoja wao, huku hopsi zikitofautiana. Ya Brooklyn ilipata Amarillo na Palisade, hopsi za Marekani. Ya Kelheim ilipata Saphir, hopsi ya Kijerumani inayolimwa Hallertau, eneo kubwa la kilimo cha hopsi lililo jirani kabisa na kiwanda. Hii ya Kelheim ndiyo iliyokuja kuingia katika orodha ya kudumu ya Schneider, ikaitwa Tap 5, Meine Hopfenweisse, na ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Kabla ya kuisifu au kuilaumu, ni vyema kuelewa ugumu wa kazi waliyojipa. Katika bia ya ngano ya Bavaria, mwenye sauti ni hamira. Harufu ya karafuu tunayoisikia hutokana na kemikali ambayo hamira huiunda kutoka kwenye asidi iliyomo katika kimea, na harufu ya ndizi mbivu hutokana na esta, kemikali yenye harufu ya matunda inayozaliwa wakati wa kuchacha. Ili harufu hizo zisifunikwe, mafundi wa Bavaria hutumia hopsi kwa uchache sana, na uchungu wa bia hizo kwa kawaida hauzidi vipimo 15 vya IBU, kipimo cha uchungu wa bia. Hopfenweisse ina takriban 40. Mtu akiongeza hopsi ovyo katika bia yenye karafuu, uchungu wa mmea na ukali wa kiungo hukutana vibaya na kuacha mdomoni ladha inayokaribia ile ya dawa. Bia nyingi za ngano zilizotiwa hopsi kwa wingi huangukia hapo: kila kiungo kinasikika, lakini hakuna kinachosikilizana na mwenzake.

Suluhisho lao lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, waliipa bia mwili. Ina asilimia 8.2 ya kilevi, kiwango kilekile cha Aventinus, ilhali bia ya kila siku ya Schneider ina 5.4; utamu na uzito wa kimea kingi unakuwa mto wa kulalia uchungu. Pili, badala ya kutegemea tu hopsi zinazochemshwa, waliongeza nyingine katika bia iliyokwisha kuchacha. Hopsi zikichemshwa hutoa uchungu, lakini mafuta yake ya harufu huruka na mvuke. Zikilowekwa katika bia baridi, harufu hubaki na uchungu huongezeka kidogo tu. Njia hii ilikuwa ya kawaida kwa Wamarekani na adimu sana Ujerumani wakati huo, na hapo ndipo ninapoona mchango halisi wa Brooklyn. Hamira, kimea na ustadi wa kuchachisha ngano ni vya Kelheim. Ujasiri wa kuiachia hopsi ifike mbele ya pua, katika bia ambayo mila imeitaka ikae nyuma, umetoka ng'ambo ya bahari.

Ikimiminwa, ina rangi ya dhahabu nzito yenye ukungu, na povu lake ni jeupe, nene, lenye kudumu hadi chini ya glasi. Harufu ya kwanza ni ya ganda la chenza, kisha balungi na majani mabichi yaliyokatwa. Ndizi na karafuu hufuata baada ya muda mfupi, zikiwa hai kabisa. Mpangilio huo ndio ulionivutia kuliko jambo lingine lolote katika bia hii, kwa kuwa esta za hamira na mafuta ya Saphir yote yanaelekea upande wa matunda, na mtu hawezi kusema kwa uhakika ni wapi kazi ya hopsi inapoishia na kazi ya hamira inapoanzia. Mdomoni huanza kwa utamu wa mkate mweupe na asali kidogo, gesi nyingi huuinua utamu huo kabla haujachosha, kisha uchungu huja polepole na kukaa muda mrefu, ukiwa umechanganyika na karafuu na pilipili manga. Kilevi chake kinajificha vizuri mno. Nalitaja hili kama sifa na kama onyo kwa pamoja, maana mtu anayeinywa kwa mwendo anaonywea bia ya kawaida ya ngano atalewa haraka kuliko alivyotarajia.

Upungufu wake mkubwa ni kwamba haivumilii uzee. Bia nzito za ngano kama Aventinus zinaweza kuwekwa kwa miaka na zikapata ladha mpya zinazopendeza, na mtu anayeona asilimia 8.2 kwenye lebo anaweza kudhani kwamba hii nayo ni ya kuhifadhiwa. Sivyo. Mafuta ya hopsi ni mepesi kuharibika kwa hewa, joto na mwanga, na yakishapotea, mizani niliyoieleza huvunjika: chenza hufifia, utamu wa kimea hujitokeza ukiwa mzito, na uchungu hubaki peke yake bila harufu ya kuufafanua. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya watu wanaosema imetukuzwa kupita kiasi wamekutana na chupa zilizosafiri mbali na kukaa kwenye rafu yenye joto. Wana haki ya kulalamika, kwa kuwa mnywaji hupima kile alichopewa, si kile kilichotoka kiwandani. Ushauri wangu ni kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi kwanza, kuchagua chupa iliyo mbali nayo kadiri inavyowezekana, na kuiacha ile iliyowekwa dirishani penye jua hata kama bei yake imepunguzwa.

Jambo la pili la kuzingatia ni matarajio. Anayekuja akitafuta mlipuko wa harufu za maembe na mananasi, kama zile za bia zenye ukungu zilizovuma Marekani katika miaka ya 2010, hataupata. Saphir ni hopsi ya upole, na mwaka 2007 kiasi walichotumia kilikuwa cha kushangaza kwa bia ya ngano ya Kijerumani. Leo wanywaji wengi wameshazoea kiasi kikubwa zaidi. Sioni kwamba jambo hili linaipunguzia thamani, ingawa linaondoa mshtuko ambao wanywaji wa kwanza waliupata.

Ikilinganishwa na bia nyingine za ushirikiano, inaonekana wazi kwa nini imedumu. Mwaka 2006 kampuni za bia za Avery ya Colorado na Russian River ya California, zilizogundua kwamba kila moja ina bia inayoitwa Salvation, ziliamua kuzichanganya bia hizo badala ya kwenda mahakamani, na mchanganyiko huo ukaitwa Collaboration Not Litigation. Ni kisa cha kupendeza na wazo la kiungwana, lakini chanzo chake ni jina, na ladha ilikuja baadaye. Braupakt, iliyotolewa mwaka 2018 na kiwanda cha Weihenstephan cha Bavaria pamoja na Sierra Nevada ya Marekani, iko karibu zaidi na Hopfenweisse: nayo ni ya ngano, nayo imekutanisha hamira ya Bavaria na hopsi za Marekani, ila kilevi chake ni asilimia 6.0. Hiyo ndiyo ningempendekezea mtu anayetaka kunywa zaidi ya chupa moja jioni. Kwa anayetaka kuonja wazo lenyewe likiwa limefikishwa mwisho wake, ningempa Hopfenweisse.

Iandaliwe ikiwa na nyuzi nane hivi za selsiasi, kwa sababu ubaridi mkali wa jokofu huiua karafuu na kuuacha uchungu peke yake. Glasi ndefu ya bia ya ngano inafaa kwa povu, lakini kwa harufu ningechagua glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Mimina theluthi mbili kwanza, onja, kisha tikisa chupa taratibu na umalizie pamoja na mashapo ya hamira. Utaona uchungu ukilainika na ndizi ikirudi mbele. Kwa kula nayo, vyakula vyenye pilipili na viungo vikali vinaipenda, na nyama yenye mafuta pia, kwa kuwa gesi na uchungu wake husafisha mdomo kwa tonge linalofuata. Chupa moja ya nusu lita inawatosha watu wawili mezani.