Biblia ya Union Version yenye marejeo (orodha ya mistari inayohusiana): inafaa kwa somo la udhaifu?

Kwa kikundi cha kujifunza neno, inafaa, ila msianzie 2 Wakorintho 12:9, "neema yangu yakutosha", jibu alilopewa Paulo kuhusu "mwiba" katika mwili wake. Wengi huuruka muktadha, kisha kila ugonjwa au hata dhambi ya mazoea inaitwa "mwiba". Anzeni 11:23, Paulo anapoorodhesha mapigo na kuvunjikiwa jahazi, hadi 11:33 anaposhushwa ukutani ndani ya kapu kama mzigo. Mtume anajisifia kutoroka! Hapo ndipo 12:7-10 inaeleweka: aliomba mara tatu, mwiba haukuondolewa, akapewa neema. Mwiba wenyewe haukutajwa. Msipoteze saa nzima kubahatisha.

Kisha fuateni marejeo hadi 2 Wakorintho 4:7, hazina katika vyombo vya udongo, na 1 Wakorintho 1:26-29. Waamuzi 7 itafuteni wenyewe: jeshi la Gideoni lilipunguzwa kutoka 32,000 hadi 10,000, halafu 300, na sababu imeandikwa wazi mstari wa 2.

Kasoro: herufi za marejeo ni ndogo mno kwa wazee, na karatasi ni nyepesi. Pigieni mistari kwa penseli ya rangi. Wino hupenya upande wa pili. Kiswahili chake cha 1952 ni kigumu kwa vijana, kwa hiyo wekeni kando yake Biblia Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili chepesi.