Kale kachuma ka nkambo: telefone ilisema kisu, muzee turnere njo alijua

Nkambo alikuwa turnere (fundi wa kuchonga chuma ku mashini yenye inakazungusha) mu ateliye ya Union Minière, kampuni ya migodi ya Katanga, kiisha ikakuwa Gécamines nyuma ya serikali kuikamata mu 1967. Wakati tulifungua sanduku yake tukakuta kachuma kanafungwa sawa kisu ya mufuko. Ukikafungua hakuna kisu, kuko majani mengi ya chuma nyembamba, kila jani na meno madogo pembeni na namba: 0,75, 1, 1,25, 1,5. Ngambo ingine 16, 18, 20, na 55° ku kibati. Bandugu bakasema ni musumeno, mama akasema ni kisanuo.

Nikajaribu kwanza ile programu ya telefone yenye inatambulishaka bintu kwa foto. Foto ya kwanza ikasema kisu, ya pili musumeno. Nikaweka ku karatasi nyeupe, rula pembeni, mwangaza ikatokea upande ili namba zionekane, apo njo ilianza kuleta bintu bya mekaniki, lakini haikusema hata mara moja ile inapimaka nini. Muntu wa mitraye (chuma chakavu) yeye alitaka kuipima kwa kilo tu, nikakatala.

Kiisha nikapeleka kwa muzee moja turnere mu komini ya Kenya, ya hapa Lubumbashi. Nilingoja toka saa mbili ya asubui mpaka saa sita, njo kitu moja sikupenda, hakuna muntu wa kukuambia zamu yako ni lini. Lakini alipoishika tu: "Mwana, hii ni joje ya filete, bengine banaita sanuo. Unakamata bulo, unatafuta jani yenye meno inaingia yote bila mwangaza kupita, namba yake njo pa ya bulo." Filete ni ile mistari ya kuzunguka ku bulo, na pa ni urefu kutoka jino moja mpaka ingine, na bulo ya milimetri 8 ya kawaida iko na 1,25.

Nikakumbuka eto ya nkambo (kile chuma cha kubana kazi ku meza), yenye tumeishanunulia ekuru (nati ya bulo) ya 8 mara tatu, inaingia mizunguko mbili inakatala. Nikarudia nyumba kuchukua ile bulo. Akaweka jani ya 1,25, mwangaza ikapita. Akageuza ngambo ya 55°, akaweka 18, ikaingia safi. Kumbe si milimetri, ni Whitworth, filete ya Uingereza: 5/16 ya inchi, meno 18 kwa inchi moja ya 25,4 mm, ni kusema karibu 1,41. Unene wake ni 7,94 na jicho haiwezi kutofautisha na 8! Tena meno yake iko na pembe ya 55° na ya metriki 60°, njo maana ukilazimisha unaharibu zote mbili. Nilisikia uchungu kwa zile ekuru tulilazimisha na ufunguo murefu.

Akanikataza kuisafisha na meule (jiwe ya kunolea) na papye ya vere (karatasi ya kusugulia), bitakula meno na joje itaanza kusema uongo. Petroli ya taa, brosi ya meno, kiisha mafuta kidogo.

Nililipa franka 5.000, na ekuru ya 18 alinitafutia mu mikebe yake. Mupeleke kitu yenyewe pamoja na bulo yenye inasumbua, foto haitoshi kwake.

Aliniomba abaki nayo siku moja kwa kazi ya mashini fulani ya zamani. Nikamuachia. Akairudisha imepakwa mafuta, majani yote inafunguka, hata ile ya 0,25 yenye sikujua kama iko mule ndani.